Karatasi za Mwantumu

Ninyi vijana mnaosomea dawa siku hizi mnaletewa vidonge vimelala kumi kumi kwenye karatasi ya bati, mashine imekwisha kuvihesabu. Sina ugomvi na mashine. Lakini mtu anayeletewa hesabu tayari hajui raha ya kuhesabu, wala hajui hofu yake. Mimi nilihesabu kwa mkono miaka yote, katika chumba cha dawa cha zahanati moja ya misheni hapa Tanga. Mpaka leo nikinunua machungwa sita sokoni nayahesabu mara mbili, na muuzaji ananuna. Anune. Atazoea.

Kila mkija kunisalimia mnaniuliza ni dawa gani, katika zote nilizochanganya, inayonikaa moyoni. Mnatarajia nitaje kwinini, au ile dawa chungu ya minyoo iliyowakimbiza watoto wa mtaa mzima. Nikiwaambia ni unga wa samaki aina ya changu, mnatazamana. Mnadhani mzee ameanza kuchoka. Basi kaeni.

Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja, mizani ya shaba ndani ya sanduku la kioo, kinu cha kauri na mchi wake, na Mzee Yohana. Mzee Yohana alikuwa Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, na joto lote hili la Tanga hakuivua kofia yake ya sufi. Ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi nilikuwa kijana wa Ngamiani, mjanja wa sokoni, nikidhani kupima ni kupima tu, kama unga wa muhogo.

"Ukishapima," aliniambia, "badilisha sahani. Kilichokuwa kulia kiende kushoto. Mizani ikikubali mara zote mbili, ndipo uiamini."

"Na ikikataa?"

"Basi mmoja wenu mwongo. Na mizani haina sababu ya kusema uongo."

Alinifundisha pia kukunja karatasi za unga. Unaweka dawa katikati, unakunja upande wa mbali uje kwako, unaukunja tena mdomo wake mwembamba kama upindo wa shuka, kisha masikio mawili yanaingiana. Ukiitikisa karibu na sikio usisikie kitu kinachomwagika, umefaulu. Mimi nilimwaga wiki nzima. Mzee Yohana akawa ananipa unga wa chaki nikunje, akisema chaki haina mgonjwa.

Sasa Mwantumu. Alikuwa mtoto wa miaka saba, mwembamba, meno mawili ya mbele yamemtoka. Kwao Tongoni. Mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa mkaanga samaki, na nyumba ilikula kwa kikaango hicho. Na mtoto huyo, peke yake katika kijiji kizima, samaki alikuwa sumu kwake. Si kwamba hampendi. Akionja nyama yake kiasi cha ukucha, midomo inavimba, ngozi inafanya mabaka, pumzi inakuwa ya kutafuta. Hata mvuke wa kikaango ulimfumba macho. Mara mbili walishaanza kumlilia. Watu wakasema ni jini la baharini, likafukiziwa ubani, likapikiwa, likaombwa kwa upole na kwa ukali. Halikusikia.

Mwisho wakamtoa kijijini. Alikwenda kuishi Makorora kwa shangazi yake, ambaye alikubali nyumbani kwake kusipikwe samaki tena. Nyumba ya Mswahili wa Tanga, maharage asubuhi mpaka jioni! Majirani walimpa pole kama aliyefiwa.

Mama yake alikuja mjini kila Ijumaa na basi la Pangani. Lakini hakuweza kumshika mwanawe hivi hivi. Mafuta ya samaki yalikuwa kwenye nguo zake, kwenye nywele, chini ya kucha. Ilimbidi aoge kwanza kwa shangazi, ajisugue kwa limau, avae kanga nyingine, ndipo amkumbatie. Na mtoto wakati wote huo amekaa mlangoni anasikiliza maji yakimwagika. Bi Mwanakombo aliniambia baadaye: "Siku hiyo moja ya wiki, nusu yake naimalizia bafuni."

Ndipo Mama Daktari akalivalia njuga jambo hilo. Alikuwa mama wa Kizungu, mfupi, mwendo wa haraka, Kiswahili chake hakina neno tafadhali. Alituita mimi na Mzee Yohana akasema iko njia ya zamani, kwao ilijaribiwa kwa watoto wanaodhuriwa na yai. Unampa mtoto kile kile kinachomdhuru, kidogo sana, kila siku, unaongeza polepole, mpaka mwili unazoea.

Mzee Yohana akaivuta kofia yake. "Kumpa mtoto kinachomuua?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi ambacho wewe na Sefu mtapima," akasema, akaondoka.

Niwaambie mapema, maana nawajua: asije mmoja wenu akalijaribu hili jikoni kwake. Sisi tulikuwa na daktari mlango wa pili, na sindano imechemshwa tayari kila asubuhi, dawa ya kufungua pumzi iko kando yake. Hata hivyo mtasikia yaliyonipata.

Samaki nilitumwa mimi, kwa kuwa sokoni nilikuwa nyumbani. Nilitaka changu watatu, wa ukubwa mmoja, waliovuliwa siku moja, ili unga wote uwe sawa. Nikawapindua, nikawafungua mashavu, nikawarudisha, nikaanza upya. Muuzaji akachoka.

"Sefu wewe! Unanunua kitoweo au unaposa?"

"Naposa. Mahari yako nusu ya hiyo uliyotaja."

Tulivutana mpaka akakubali, na tulipomaliza akatupia kiganja cha dagaa juu, nyongeza, kama kawaida. Tanga hakuna biashara inayokwisha bila nyongeza. Mnunuzi asipoidai anaonekana mgeni, na muuzaji asipoitoa anaonekana mchoyo.

Wale changu tuliwaoka mpaka wakakauka kama kuni, tukawaponda, tukawachuja kwa kitambaa mara mbili. Kisha sehemu moja ya unga tukaichanganya na sehemu nyingi za sukari, na mchanganyiko huo tukauchanganya tena na sukari, mpaka karatasi ya kwanza ilikuwa na samaki kidogo kiasi kwamba Mzee Yohana alisema hata paka asingeijua. Hatua zilikuwa thelathini. Kila hatua wiki moja. Kupanda hatua ni siku ya Jumatatu tu, Mama Daktari akiwepo. Ya thelathini ikipita salama, mtoto atapewa kipande cha samaki mzima, na akikimaliza atarudi kwa mama yake.

Basi kila siku saa tatu asubuhi shangazi anamleta, anamwacha, anakwenda kuuza vitumbua vyake. Mwantumu anasimama mbele ya meza yangu, pua yake sawa na ukingo.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

"Uji."

"Pua?"

"Haina kitu."

"Tumbo? Mdomo hauwashi?"

"Hauwashi."

Maswali manne, kila siku, kwa mpango huo huo. Kisha namfungulia karatasi, namchanganyia na uji kidogo, anameza. Halafu anakaa kwenye benchi kando yangu saa mbili nzima, hakimbii, haruki, nami namtazama midomo na kusikiliza sauti yake. Huko nako kulikuwa sehemu ya dawa, kule kukaa.

Saa mbili ni nyingi kwa mtoto wa miaka saba. Nikampa vizibo vya chupa acheze. Siku ya pili akanifungulia duka.

"Karibu mteja. Vizibo vizuri, vimetoka Pemba."

"Kimoja bei gani?"

"Kumi."

"Kumi! Hiki kimeoza. Mbili."

"Ukikitaka kilichooza nenda kwa mwenzangu. Nane."

Nilimfundisha kuondoka kidogo kisha kugeuka, kujifanya hasikii, kulalamika kuwa ana watoto wa kulisha. Baada ya miezi miwili alikuwa ananishinda. Na kila tukimaliza anaongeza kizibo kimoja kwenye kiganja changu: "Nyongeza yako, Mjomba. Usiseme sikukupa." Wagonjwa dirishani walingoja dawa zao wakicheka. Mzee Yohana alijifanya anakoroga.

Miezi ile naitamani. Nimefanya kazi na watu wengi wema, nimepewa saa ya mkononi nilipostaafu, lakini mkiniambia nichague kipande kimoja cha maisha nirudishiwe, nitachagua saa mbili za asubuhi kwenye benchi lile, mtoto ananipunja vizibo.

Alipomaliza hatua ya ishirini na saba ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Mwantumu alijua kuhesabu. Nilimfundisha mwenyewe, na ndilo kosa langu la kwanza.

"Mjomba, zimebaki tatu."

"Tatu."

"Na Idi ni wiki mbili."

"Ni wiki mbili."

"Kwa hiyo Idi inanipita kwa wiki moja."

"Inakupita kidogo. Utakula Idi yako wiki inayofuata, peke yako, kama sultani."

Akakunja vidole, akahesabu tena. Kisha akatumia sauti ya dukani. "Nipe mbili kwa wiki moja."

"Haziuzwi."

"Basi moja na nusu."

"Haziuzwi, mama."

"Basi nyongeza tu, Mjomba. Kidogo. Kila mtu anatoa nyongeza."

Ningekataa. Siku nyingine ningekataa. Lakini Mama Daktari alikuwa amekwenda Maramba kutibu kwa siku nne, Mzee Yohana alikuwa stoo, mimi nimefunga na kichwa chepesi, na mtoto ananitazama kama mteja anayejua haki yake. Nikachota kwa ncha ya kijiko cha pembe, kiasi kidogo tu, nikaongeza kwenye uji. Sikupima. Mkono ulifanya kama mkono wa muuza mchicha.

Jumanne hiyo hakikutokea kitu. Jumatano nikampa tena, hakikutokea kitu, nami nikaanza kujiona mjuzi. Alhamisi alikuja ameshaanza kudai kabla hajasalimu, tukavutana, tukacheka, nikampa. Yale maswali manne nikayasahau. Pua yake ilikuwa inatoka maji, ana mafua tangu usiku. Mwili wenye mafua hauvumilii hata kile ulichovumilia jana. Nililijua hilo. Ndiyo sababu swali la pua lilikuwepo.

Haikupita nusu saa akaweka vizibo chini.

"Mjomba, koo langu limekuwa dogo."

Nikamtazama. Midomo imeshaanza kuwa ya mtu mwingine. Nikamwita Mzee Yohana kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Sindano ilikuwepo, dawa ilikuwepo. Mikono yangu ndiyo haikuwepo. Mzee Yohana akamshika, akaniambia taratibu, kama ananifundisha kukunja karatasi: "Vunja shingo ya chupa. Vuta. Toa hewa. Paja." Nikachoma. Tukangoja. Pumzi yake ilikuwa inapiga filimbi. Nikahesabu pumzi, na kwa mara ya kwanza maishani sikuweza kurudia hesabu, kwa kuwa niliogopa ya pili itakuwa pungufu.

Filimbi ikalegea. Akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile.

Mama Daktari aliporudi Ijumaa asubuhi nilimngoja mlangoni nikamweleza yote, bila kupunguza.

"Ulimpa kiasi gani?"

"Cha hatua ile, na kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Sijui."

Neno hilo halikuwahi kusemwa mbele ya mizani ile. Mzee Yohana alilisikia, akachukua kitambaa, akaanza kuipangusa sahani ambayo ilikuwa safi. Baadaye sana, tukifunga madirisha, akasema tu: "Nyongeza ni mambo ya mchicha, Sefu."

Mama Daktari hakunifukuza. Alinipa adhabu kubwa zaidi. Mtoto apumzishwe, kisha arudishwe hatua ya kumi na tano. "Na mama yake," akasema, "utamwambia wewe."

Bi Mwanakombo Ijumaa za mwisho za Ramadhani hakuja, samaki wa futari walimfunga kikaangoni; alikuja siku ya Idi. Alishaoga, ameshavaa, ana limau mkononi bado, na furushi la gauni jipya la mtoto. Alidhani imebaki wiki moja. Nilimkalisha kwenye benchi nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka anitukane, sokoni ningejua la kujibu.

"Kwa hiyo mwanangu alitaka wiki moja," akasema, kwa sauti yake ya Kimtang'ata cha kwao Tongoni, iliyokuwa haipandi wala haishuki.

"Ndiyo, dada."

"Nawe ukampa."

"Ndiyo."

"Basi nyongeza yako nimeipata mimi, Bwana Sefu. Miezi mitatu."

Akafungua furushi, akalipima gauni kwa macho, akaanza kufumua upindo wa chini. "Atakuwa amerefuka," akasema. Alifumua uzi wote pale pale mbele yangu, akaondoka.

Wiki zilizofuata Mwantumu alikuja, akanywa, akakaa. Hakufungua duka. Vizibo vilikaa kwenye kopo. Niliuliza maswali manne, alijibu manne. Karatasi zake nilizipima, nikabadilisha sahani, nikazipima tena, kisha nikampa Mzee Yohana naye azipime. Siku moja, tumefika hatua ya ishirini na mbili, akavuta kopo, akaweka kizibo kimoja mezani.

"Bei gani?" nikauliza.

"Kumi."

"Mbili."

"Kumi, Mjomba. Haipungui, wala sina nyongeza."

Nikanunua kwa kumi. Mzee Yohana akacheka mpaka kofia ikamteleza.

Hatua ya thelathini ilipita. Mama Daktari akamlisha kipande cha changu mbele yetu, akakimaliza, akaulizia kingine. Lakini lilibaki sharti: samaki ale kila siku, asiache, maana mwili unasahau upesi kuliko unavyojifunza. Mimi siku hizi, nimestaafu, magoti yananiuma, bado mchana ukifika najiuliza kama amekula. Mzee Yohana alikwisha kwenda kuzikwa kwao Lushoto. Mama Daktari alirudi kwao. Mimi nilihamishiwa Korogwe miaka kadhaa, na niliporudi shangazi wa Makorora alikuwa amehama. Nimesikia Mwantumu aliolewa Mombasa. Nimesikia ana wajukuu. Kusikia tu.

Kwa hiyo kinachobaki ni siku ile tuliyompeleka Tongoni. Mama Daktari alitaka mlo wa kwanza wa nyumbani utazamwe, katika moshi ule ule, kikaango kile kile. Nikapanda basi la Pangani na mtoto, sanduku la sindano mapajani, gauni la Idi mwilini mwake, upindo umeshushwa wote na bado fupi.

Bi Mwanakombo alikuwa jikoni anakaanga. Alipotuona akasimama, mikono yote miwili inameremeta mafuta, akairudisha nyuma mgongoni kama mwizi. Akatazama kulia na kushoto, anatafuta maji. Mwantumu hakungoja. Aliingia ndani ya moshi akamkumba kiunoni, uso wote ndani ya kanga ile ya kazi, na mama akabaki ameinua mikono juu, hathubutu kuishusha, ananitazama mimi.

"Mshike," nikamwambia.

Akamshika. Sikuhesabu muda.

Kisha mtoto akala, changu wa mama yake na wali wa nazi, akaramba na vidole. Alipomaliza akaja mwenyewe, bila kuitwa, akakaa kando yangu kwenye mkeka barazani. Tukakaa. Nikamtazama midomo. Nikamsikiliza sauti. Watoto wa jirani walikuja wakasimama mbali, wakamwita waende kucheza magofuni, naye akatikisa kichwa: bado. Jua likasogea. Saa mbili zikaisha, nikaongeza robo saa kwa usalama, na robo nyingine, ambayo haikuwa ya usalama.

"Umemaliza," nikamwambia.

"Nimemaliza nini?"

"Kukaa."

Akanitazama usoni kuona kama ninafanya biashara. Alipoona sifanyi, akainuka, akashuka baraza kwa mruko mmoja, akakimbia walikokuwa wenzake. Basi langu lilikuwa limekaribia. Mimi nikabaki nimekaa.